Wahafidhina Wanaopinga Vita: Tuwapime kwa Kipimo cha Bagamoyo

Tangu vita vya Iraki na Afuganistani viwachoshe wananchi wa Marekani, ndani ya kambi ya wahafidhina wa nchi hiyo zimezuka sauti zinazopinga majeshi yao kupelekwa nchi za nje. Sauti hizi si zile tulizozizoea, yaani za wanafunzi, vyama vya wafanyakazi na vikundi vya mrengo wa kushoto, ambavyo vilipinga vita vya Vietnam. Hizi ni sauti za watu wanaotetea mali binafsi bila kuona haya, wanaotaka kodi za matajiri zipunguzwe na mipaka ifungwe. Na juu ya yote hayo wanasema: askari wetu warudi nyumbani.

Makada na wanafunzi wetu wanauliza, na wana haki ya kuuliza: watu hawa ni wenzetu? Yanasikika majibu mawili. La kwanza linasema kwamba ubeberu umekwisha kupasuka kutoka ndani, kwa hiyo tushangilie na kungoja. La pili linasema kwamba hayo yote ni maigizo, beberu ni beberu, hatuna sababu ya kupoteza wakati kusoma ugomvi wa mabepari wao kwa wao. Sisi tunaofundisha elimu ya siasa tunayaona majibu yote mawili kuwa ni ya uvivu. La kwanza linatufanya tusinzie, na la pili linatufanya tuwe vipofu.

Shabaha ya makala haya ni kuihakiki hoja ya wahafidhina hao: imetoka wapi, inasimama juu ya msingi gani, na inapofika kwenye kura na kwenye mabomu inatoa matokeo gani. Kisha tutaipima kwa historia ya mwambao wetu wenyewe. Mji wa Bagamoyo umepata kuyaona mambo ya namna hii mara mbili, na matokeo ya mara ya kwanza hayakufanana na ya mara ya pili.

Chimbuko la hoja

Hoja hii si ngeni Marekani. Mwaka 1796 George Washington, alipokuwa akiaga urais, aliwaasa wenzake wasijifunge katika mapatano ya kudumu na mataifa ya nje. Mwaka 1821 John Quincy Adams alisema kwamba nchi yake haizunguki duniani kutafuta maadui wa kupigana nao. Lakini katika karne ile ile ya wasia huo, taifa lile lilikuwa likiwafukuza Wahindi Wekundu katika ardhi zao, na mwaka 1848 lilitwaa karibu nusu ya nchi ya Meksiko. Hapa msomaji anapata alama ya kwanza: neno “nje” lilikuwa na maana ya Ulaya. Ardhi ya wanyonge haikuhesabiwa kuwa nje.

Alama ya pili inapatikana mwaka 1898, Marekani ilipoitwaa Ufilipino kutoka kwa Wahispania. Ilianzishwa jumuiya ya kupinga ubeberu, na ndani yake walikuwamo watu wa heshima waliopinga kwa moyo safi. Lakini walikuwapo pia wapinzani kama Seneta Benjamin Tillman wa South Carolina, mtetezi mkubwa wa ubaguzi wa rangi. Huyu alipinga kwa sababu hakutaka mamilioni ya watu wasio weupe waingizwe chini ya bendera ya nchi yake. Kura yake na kura ya mpinzani mwema zilihesabiwa pamoja, bali nia zao zilikuwa mbali kama mashariki na magharibi.

Katika karne ya 20 hoja hii iliendelea. Mwaka 1940 iliundwa kamati iliyojiita Marekani Kwanza, ili nchi isiingie katika vita vya Ulaya. Ilivunjika Desemba 1941, siku chache baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor. Mwaka 1949 Seneta Robert Taft wa Ohio, kiongozi wa wahafidhina, alipiga kura kupinga mkataba wa NATO. Vita baridi vilipopamba moto sauti hiyo ilizimwa, maana mabepari wote walikubaliana kwamba adui ni ukomunisti na kwamba kila kona ya dunia ni uwanja wa mapambano. Ukomunisti wa Urusi ulipoanguka, Patrick Buchanan aliifufua kwa kupinga vita vya Ghuba vya mwaka 1991.

Hata hivyo ilikuwa sauti ya wachache. Oktoba 2002, Bunge la Marekani lilipompa Rais George W. Bush idhini ya kuivamia Iraki, wajumbe wa chama cha Republican waliokataa katika Baraza la Wawakilishi walikuwa 6 tu, na katika Seneti 1. Tunawaomba makada waikumbuke hesabu hiyo, maana ndiyo inayoonyesha ukubwa wa mabadiliko yaliyofuata.

Msingi wa mabadiliko

Mawazo hayaanguki kutoka mbinguni. Kilichobadilisha hali ni gharama ya vita na jinsi gharama hiyo ilivyogawanywa. Marekani ilipoteza askari wapatao 4,500 katika Iraki na wapatao 2,400 katika Afuganistani, na makumi elfu walirudi wakiwa majeruhi. Jeshi lile ni la kujitolea. Wengi wanaojiandikisha ni watoto wa familia za kawaida, wakiwamo wengi wa miji midogo na mashamba ya kusini, na vijana wa wilaya ambazo viwanda vyake vimefungwa kwa sababu mwenye mtaji ameuhamishia mahali penye kazi rahisi. Wakaazi wa sehemu nyingi za namna hiyo huchagua wahafidhina. Kwa hiyo wapiga kura wa chama kile kile kilichoanzisha vita ndio waliolipa sehemu kubwa ya damu yake, na faida ikaenda kwa makampuni ya silaha na ya mafuta.

Mwanasiasa aliyelitambua jambo hili mapema ni Donald Trump. Februari 2016, katika mdahalo uliofanyika South Carolina, jimbo lenye askari wengi wastaafu, alitamka waziwazi kwamba vita vya Iraki vilikuwa kosa kubwa. Wajuzi wa siasa walidhani amejimaliza. Siku chache baadaye alishinda uchaguzi wa awali wa chama katika jimbo hilo. Hapo ndipo viongozi wengine walipong’amua kwamba wafuasi wao walikuwa wamekwisha kuwatangulia.

Tukubali basi kwamba chini ya hoja hii kuna uchungu wa kweli wa wavujajasho. Mama aliyempoteza mwanawe Fallujah haigizi. Kosa la jibu la pili tulilolitaja hapo juu ni kutouona uchungu huo. Lakini uchungu wa wanyonge ukiongozwa na matajiri hupelekwa wanakotaka matajiri. Mpiga kura anaambiwa: fedha zako zinapotea kwa wageni. Haambiwi: fedha zako zinaishia kwa mwenye kiwanda cha mabomu aliye mjini mwako. Hoja inalaumu mgeni anayepigwa, na mtengeneza silaha anaachwa aendelee na biashara yake.

Kura zinasema nini

Kwa kuwa maneno ni rahisi, tuzitazame kura.

Tarehe 20 Aprili 2024 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura juu ya msaada wa dola bilioni 61 hivi kwa ajili ya vita vya Ukreini. Msaada ulipita kwa kura 311 dhidi ya 112, na wote 112 waliokataa walikuwa wa chama cha Republican. Kutoka watu 6 mwaka 2002 hadi 112 ni badiliko kubwa. Lakini siku ile ile, ukumbini mle mle, ilipigwa kura nyingine ya msaada kwa Israeli, wakati Gaza inateketea. Safari hii wajumbe wa Republican waliokataa walikuwa 21 tu. Ikiwa hoja ilikuwa kwamba fedha za Marekani zisilipie vita vya wengine, mbona wajumbe wapatao 90 walibadilika kati ya kura moja na nyingine? Jibu ni kwamba kwa wengi wao hoja haikuwa vita. Hoja ilikuwa ni vita vipi, vya nani, na dhidi ya nani.

Kura nyingine inatuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki moja kwa moja. Aprili 2023 Matt Gaetz, mjumbe wa Florida na mhafidhina mkali, alileta azimio la kutaka askari wa Marekani waondoke Somalia. Lilishindwa kwa kura 321 dhidi ya 102, na wale 102 walitoka katika vyama vyote viwili. Vyama hivyo huparurana kila siku, lakini kwa wengi wao kuwako kwa jeshi katika Pembe ya Afrika hakukuwa jambo la kugombania.

Kura ya tatu ni ya Juni 2025. Tarehe 22 ya mwezi huo ndege za Marekani zilipiga mitambo ya nyuklia ya Irani. Kabla ya hapo baadhi ya wahafidhina mashuhuri, kama Tucker Carlson na mbunge Thomas Massie, walikuwa wameonya kwa sauti kubwa. Siku tano baadaye azimio la kumzuia Rais asiendelee na vita bila idhini lilifikishwa katika Seneti. Likashindwa kwa kura 47 dhidi ya 53. Upande wa Republican aliyeliunga mkono alikuwa mmoja peke yake, Rand Paul wa Kentucky.

Tunajifunza nini? Wako wahafidhina wanaosimama juu ya neno lao hata upepo unapovuma, na hatuna haja ya kuwanyima heshima hiyo. Lakini ni wachache. Wengine hupinga vita vya rais wa chama kingine, na vita vya rais wao huviita amani.

Somalia: askari wachache, mabomu mengi

Hebu tuone hoja hii ilivyotekelezwa jirani yetu.

Oktoba 1993 askari 18 wa Marekani waliuawa Mogadishu katika mapigano ya siku mbili ambayo yaliwaua Wasomali kwa mamia. Kelele za kutaka kuondoka zilipanda Bungeni, wahafidhina wakiwa miongoni mwa wapiga kelele, na Machi 1994 majeshi yale yaliondoka. Mwezi uliofuata mauaji ya kimbari yalianza Rwanda. Marekani, ikiwa bado inaugulia Mogadishu, haikutaka kusikia habari ya kwenda, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likakipunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa mjini Kigali hadi watu wapatao 270. Mwisho wa mwezi huo wakimbizi wapatao 250,000 walivuka mto Kagera pale Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara. Mzigo ule uliwaangukia wakulima wa Kagera. Kuondoka kwa sababu ya gharama, na kukataa kwenda kwa sababu ya gharama, ni mti mmoja. Ubeberu unaokuja unaweza kuua, na ubinafsi unaoondoka nao unaweza kuacha watu wauawe.

Mwaka 2017 Trump alilegeza masharti ya mashambulizi ya anga katika Somalia, na mashambulizi yakaongezeka kwa wingi. Januari 2020 Al-Shabaab waliushambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, katika Lamu, wakawaua Wamarekani watatu, askari mmoja na wafanyakazi wawili wa makampuni ya kukodiwa. Desemba mwaka huo Rais aliamuru askari wapatao 700 waondoke Somalia. Lakini sehemu kubwa ya askari hao walihamishiwa nchi jirani, zikiwamo Kenya na Jibuti, wakawa wanaingia Somalia na kutoka. Mei 2022 Rais Joe Biden aliwarudisha karibu 500. Na Februari 2025 Trump, aliyechaguliwa tena kwa ahadi ya kumaliza vita, alianza muhula wake kwa kupiga mabomu milima ya Puntland.

Hapa ndipo lilipo fundo la hoja. Kinachopungua ni miguu ya Wamarekani ardhini, na kinachoongezeka ni ndege zisizo na rubani, wafanyakazi wa makampuni, na majeshi ya Waafrika wanaokufa badala yao. Uganda iliingia Somalia mwaka 2007, Burundi ikafuata, na Kenya ikavuka mpaka Oktoba 2011. Hatusemi kwamba majeshi hayo ni mamluki. Yalifanya kazi chini ya Umoja wa Afrika na kwa ridhaa ya serikali ya Somalia, na Al-Shabaab ni wauaji wa raia. Lakini lazima tuutazame mgawanyo wa kazi ulivyo: mafunzo, fedha na picha za angani zinatoka ng’ambo, na majeneza yamekuwa yakirudi Kampala na, hadi majeshi ya Burundi yalipoondoka, Bujumbura. Mpiga kura wa Ohio akiulizwa, atasema nchi yake haimo vitani.

Bagamoyo ya kwanza, 1888 hadi 1890

Mgawanyo huo wa kazi hauanzii Somalia. Wazee wetu wa mwambao waliuona kabla ya nchi hii kuitwa Tanganyika, nao ulizaliwa na mhafidhina asiyependa vita vya mbali.

Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani, alikuwa kabaila na mhafidhina wa wahafidhina. Kwa muda mrefu hakutaka makoloni, na alipata kumwambia msafiri mmoja kwamba ramani yake ya Afrika ilikuwa Ulaya. Hofu yake ilikuwa gharama. Kwa hiyo, alipoukubali ukoloni, aliukubali kwa njia aliyoiona rahisi. Februari 1885 kundi la Carl Peters lilipewa hati ya kifalme, kampuni ikatawala na serikali haikutoa askari. Aprili 1888 Sultani wa Unguja, Sayyid Khalifa, aliikodisha kampuni hiyo utawala na forodha za mwambao. Mwezi wa Agosti mawakala wake walipandisha bendera yao, wakadai kodi na hati za mashamba.

Watu wa Pangani walikataa, na Septemba moto ukaenea. Abushiri bin Salim aliongoza mapambano Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri bin Juma akaishika Sadani na nchi ya Uzigua. Katika muda mfupi kampuni ilibaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena chini ya mizinga ya manowari. Ile njia rahisi ikawa imefilisika.

Hapo ndipo upinzani wa Berlin ulipopimwa. Wasoshalisti na waliberali wa kushoto walikataa kutoa fedha. Chama cha Zentrum, chama cha wahafidhina wa Kikatoliki, kilikuwa na mashaka ya muda mrefu juu ya makoloni, na kura zake zilikuwa nyingi. Lakini kampeni ya Ulaya dhidi ya biashara ya watumwa ilikuwa imepamba moto, na Desemba 1888 kiongozi wake, Ludwig Windthorst, alileta azimio la kuiunga mkono kampeni hiyo. Mlango ukawa umefunguka. Tarehe 30 Januari 1889 Bunge lilitoa marki milioni mbili, na sababu iliyotajwa ilikuwa ni kukomesha utumwa.

Biashara ya watumwa ilikuwa uovu wa kweli, na Abushiri mwenyewe alikuwa mwenye shamba la miwa lililolimwa na watumwa. Tusiifiche historia. Lakini tuutazame utekelezaji. Wajerumani hawakuwahi kuufuta utumwa katika koloni lao zima. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Utumwa ulitosha kupitisha fedha za vita, haukutosha kupitisha sheria.

Na fedha zile zilitumikaje? Hermann Wissmann hakuja na jeshi la Wajerumani. Alikwenda Misri akaajiri Wasudani wapatao 600, na wengine akawapata Msumbiji, akaweka juu yao maafisa wachache wa Kijerumani. Ndiyo asili ya neno askari kama walivyolijua wazee wetu. Tarehe 8 Mei 1889 boma la Abushiri karibu na Bagamoyo lilivunjwa, na Desemba 15 akanyongwa Pangani. Bwana Heri aliweka silaha chini Aprili 1890. Anayetembelea Bagamoyo leo ataona makaburi ya Wajerumani, nayo ni machache, yanahesabika. Vita ile iliwagharimu Wajerumani kidogo, na ndiyo maana Bunge lao liliweza kuivumilia.

Basi mashaka ya mhafidhina juu ya gharama hayakuizuia vita ya Bagamoyo. Yalichofanya ni kuichagulia umbo: kwanza kampuni, kisha sababu ya huruma, kisha askari wa kukodi.

Bagamoyo ya pili, miaka ya 1970

Lau historia ingeishia hapo, jibu la pili lingekuwa sahihi na tungefunga kitabu. Lakini katika miaka ya 1970 Bagamoyo ilikuwa na shule ya sekondari ya FRELIMO. Vijana wa Msumbiji walisoma pale hesabu, historia na siasa wakati ndugu zao wakipigana Cabo Delgado, Niassa na Tete.

Februari 1974 Jenerali António de Spínola, aliyekuwa gavana na amiri jeshi katika Guinea-Bissau, alichapisha kitabu Lisbon akisema kwamba vita vya makoloni haviwezi kushindwa kwa silaha. Spínola hakuwa mwanamapinduzi. Alikuwa mhafidhina aliyechoshwa na hasara, na alichokitaka si uhuru wa Msumbiji bali shirikisho ambalo Ureno ingeendelea kuwa kiini chake. Tarehe 25 Aprili maafisa vijana waliiangusha serikali, na Spínola akawa rais.

FRELIMO ilifanya nini? Haikusema kwamba Spínola ni beberu tu na hakuna lililobadilika. Ilikwenda Lusaka mwezi Juni kuzungumza na wajumbe wake. Wala haikusema kwamba mpinga vita amekuja, kwa hiyo tuweke bunduki chini. Samora Machel alikataa kusimamisha mapigano kabla haki ya uhuru kukubaliwa, na mapigano yakaendelea. Kila wiki iliyopita ilizidisha nguvu ya wale maafisa vijana waliotaka kuondoka kabisa, na kumdhoofisha jenerali aliyetaka kuondoka nusu. Julai Lisbon ilikubali haki ya makoloni kujitawala. Tarehe 7 Septemba 1974 mapatano yalitiwa sahihi Lusaka, mwisho wa mwezi huo Spínola alijiuzulu, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Tofauti ya Bagamoyo ya kwanza na ya pili haikuwa ushujaa. Abushiri na Bwana Heri hawakupungukiwa ushujaa. Wala mhafidhina wa 1974 hakuwa mwema kuliko wa 1889. Wote wawili waliogopa gharama. Tofauti ilikuwa ni chombo. Mwaka 1889 mwambao ulikuwa na majumbe, mashehe, wenye mashamba na watumwa wao, kila mmoja na sababu yake, na hapakuwa na chama cha kuwaunganisha wala cha kuusoma ugomvi wa Berlin na kuutumia. Mwaka 1974 chombo kilikuwapo, kina shabaha moja, kina makada waliosoma, na kina nyuma yake nchi huru iliyokubali kubeba hasara.

Kwa hiyo tunasema: mashaka ya mhafidhina ni ufa katika ukuta wa beberu. Ufa haubomoi ukuta. Asiye na nyundo hupita kando yake, na mwenye nyundo hujua pa kupigia.

Hoja isiyotenganisha

Lipo kosa moja zaidi katika hoja ya wahafidhina, na wanafunzi wetu wasije wakalibeba. Wao husema jeshi lisivuke mpaka, na hawaulizi limevuka kwa manufaa ya nani. Kwa kanuni hiyo Tanzania ingelaumiwa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, yakaua na kupora. Tuliwatoa, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Wapo waliotulaumu katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika kwa kuvuka mpaka. Gharama ilikuwa kubwa, na uchumi wetu uliibeba kwa miaka mingi. Lau tungeuliza swali la mhafidhina, yaani ni shilingi ngapi, tusingekwenda, na wala tusingewapa hifadhi wapigania uhuru wa Msumbiji, Zimbabwe, Namibia na Afrika ya Kusini. Swali letu halikuwa bei tu. Tuliuliza pia nani amevamia, nani anakombolewa, na nani atatawala vita vikiisha. Swali la tatu, kwa haki, lilitusumbua hata sisi katika Uganda ya 1979 na 1980, na yafaa lijadiliwe madarasani bila woga.

Kazi iliyo mbele yetu

Mkono unaofunga kambi ya jeshi ndio unaofunga duka la dawa. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza ya muhula wake, Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID lilifungwa. Hoja ilikuwa ile ile: fedha zetu zisiende kwa wageni. Tanzania ilikuwa moja ya nchi zilizopokea fedha nyingi za Marekani kwa ajili ya dawa za UKIMWI tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kada anayemshangilia mhafidhina kwa sababu ya Somalia aeleze atamwambia nini mgonjwa wa Chalinze au Mlandizi. Na kada anayelaani kufutwa kwa msaada aeleze kwa nini, zaidi ya nusu karne baada ya Azimio la Arusha, uhai wa wananchi wetu ulikuwa umewekwa mikononi mwa kura za watu wa mbali.

Kutokana na hayo, tunaona kazi tatu kwa makada na wanafunzi.

Kwanza, tuusome mgawanyiko wa mabepari kwa makini, kwa kura na kwa tarehe, si kwa hotuba. Mtu akituambia kwamba fulani anapinga vita, tuulize alipiga kura gani siku ile, na alisema nini ndege za rais wake ziliporuka.

Pili, tujihadhari na vita vya bei nafuu. Kila mpango utakaoletwa katika kanda yetu, wa kambi, wa uwanja wa ndege, wa mafunzo, au wa kampuni ya ulinzi, uulizwe swali la Bagamoyo: ni nani anayepunguziwa gharama, na ni mtoto wa nani anayechukua nafasi yake kaburini? Ulinzi wa mipaka yetu, pamoja na ule wa kusini baada ya magaidi wa Cabo Delgado kuvuka Ruvuma na kushambulia Kitaya Oktoba 2020, ni kazi yetu na ya majirani zetu kwanza.

Tatu, tujenge chombo. Mabaharia wa mwambao huu wana msemo: usisafirie nyota ya mwenzio. Nyota ya mhafidhina wa Marekani inachomoza na kuzama kwa majira ya uchaguzi wake. Leo inaelekea kutuangazia, na kesho italiangazia bomu. Wananchi walioungana, wenye chakula chao, dawa zao na jeshi lao, ndio wanaoweza kuutumia mwanga huo unapotokea, na kuendelea na safari unapozimika.